Moshi Hauna Mpaka: Mjadala wa Jiko, Mapafu na Umeme

Tangu Mei 8, 2024, Tanzania ina Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia. Lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Mojawapo ya sababu kuu zinazotolewa ni afya. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo zaidi ya watoto 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano.

Kwa takwimu hizo mtu angedhani hakuna la kubishania. Hata hivyo, majaribio makubwa ya kitabibu ya miaka ya karibuni, mawili kati yake yakiwa yamefanyika kwa majirani zetu wa Malawi na Rwanda, yameleta majibu ambayo wengi hawakuyatarajia. Majiko yalibadilishwa, lakini watoto wakaendelea kuugua kama zamani. Je, moshi umeondolewa hatia? Na kama bado tuna sababu ya kuuacha mkaa, tuhamie kwenye gesi au kwenye umeme? Na gharama abebe nani?

Maswali hayo tumeyaweka mbele ya sauti nne: Daktari wa magonjwa ya kifua, Mhandisi wa umeme ambaye bado ni kijana, Mama Lishe anayeuza chakula jijini Dar es Salaam, na Mzee aliyezeeka katika biashara ya mkaa. Wazungumzaji ni wa kubuni. Tafiti na takwimu wanazozitaja ni za kweli.

Hoja ya kwanza: Je, moshi umeondolewa hatia?

MWENYEKITI: Daktari, tuanze na wewe. Tueleze kilichopimwa na kilichoonekana.

DAKTARI: Ahsante, ndugu Mwenyekiti. Shikamoo mzee, shikamoo mama. Nianze na lisilo na ubishi. Kuni zinapoungua kwa hewa haba hutoa chembechembe ndogo mno. Zile tunazoziogopa zaidi zina upana usiozidi mikromita 2.5, wakati unywele wa binadamu una takribani mikromita 70. Pua haiwezi kuzizuia. Zinashuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Mwaka 2021 WHO ilikaza masharti: wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kutoka 10 za awali. Ndani ya jiko la kuni, wakati chakula kiko motoni, kipimo hupanda hadi mamia.

Sasa majaribio. La kwanza kubwa lilifanyika katika milima ya Guatemala chini ya Profesa Kirk Smith wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyeanza kupima moshi wa majikoni katika vijiji vya India mwaka 1981. Kaya 534 ziligawanywa kwa kura. Nusu zilipewa jiko lenye bomba la kutolea moshi nje, nusu zikaendelea na moto wa wazi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2011. Nimonia kwa ujumla ilipungua, ila si kwa kiasi cha kuthibitisha jambo kitakwimu. Nimonia kali ilipungua kwa karibu theluthi moja. Hiyo ilitupa matumaini.

Malawi ikafuata, kwa ukubwa zaidi: watoto zaidi ya 10,000 katika jumuiya 150 za vijijini, na majiko ya kuni yenye feni ndogo inayotumia nguvu ya jua ili moto uwake vizuri. Majibu yalipotoka mwishoni mwa mwaka 2016, hapakuwa na tofauti ya nimonia kati ya waliopewa majiko na wasiopewa.

Kisha likaja jaribio linaloitwa HAPIN, lililofanyika Guatemala, India, Peru na Rwanda, ambako kituo kilikuwa Kayonza, mashariki mwa nchi. Akina mama wajawazito 3,200 walishiriki. Nusu walipewa jiko la gesi na gesi yenyewe bure kwa miezi 18, wakiletewa mpaka nyumbani. Moshi waliouvuta ulishuka kutoka mikrogramu 70 hadi 24. Lakini mwaka 2022 tuliambiwa kuwa uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana kwa kiasi cha kuthibitika, na mwanzoni mwa 2024 tukaambiwa kuwa nimonia kali na udumavu navyo havikutofautiana.

MZEE: Basi, mwanangu, kesi imekwisha. Miaka yote tumeitwa wauaji wa watoto. Mmepima wenyewe, kwa fedha zenu na vyombo vyenu, mkakuta mtoto wa gesi na mtoto wa kuni wanaugua sawa. Na hao walikuwa wa kuni. Mimi nauza mkaa, na mkaa mzuri hauna moshi. Kwa nini biashara yangu ibebe lawama ambayo vipimo havikuiona?

DAKTARI: Mzee wangu, mkaa mzuri hutoa chembechembe chache kuliko kuni, hilo nakubali. Lakini hutoa kwa wingi monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hunata kwenye chembe nyekundu za damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wamefunga madirisha. Macho na pua haviwezi kukuonya.

Kuhusu majaribio, tuyasome kwa makini. Hayakusema kuwa moshi hauna madhara. Yalijibu swali dogo zaidi: ukibadilisha jiko hili, kwa watu hawa, kwa muda huu, nini kinatokea? Malawi walifikia karibu kila nyumba yenye mtoto mdogo katika jumuiya zilizochaguliwa, lakini jiko waliloleta liliendelea kuchoma kuni. HAPIN walileta nishati safi kweli, lakini kwa nyumba zilizopigiwa kura tu. Jirani aliendelea na mafiga yake, takataka zikaendelea kuchomwa, na moshi ukapita juu ya ua. Hata nyumba zenye gesi zilibaki na mikrogramu 24, karibu mara tano ya kiwango cha WHO. Kati ya majaribio haya matatu, hakuna hata moja lililoleta nishati safi na wakati huohuo kuifikisha kwa mtaa mzima.

MHANDISI: Naomba kuongeza hapo, Daktari. Kuna suala la muda pia. Akina mama wa HAPIN walipokea gesi mimba ikiwa imeshafikisha wiki tisa au zaidi, na wengine walikuwa wanakaribia wiki ya ishirini.

DAKTARI: Ni kweli. Na watoto wa leo wanapata chanjo ya nimonia ambayo wale wa Guatemala wa mwaka 2002 hawakuwa nayo, kwa hiyo wagonjwa waliosalia ni wachache na huenda wanaugua kwa sababu nyingine. Zaidi ya hayo, magonjwa ninayoyaona kliniki kwa akina mama wa miaka 50 na 60, yaani mapafu yaliyoziba, moyo, mtoto wa jicho, hujengwa kwa miongo ya kupika. Jaribio la miezi 18 haliwezi kuyaona.

Lakini, Mwenyekiti, nina neno kwa wenzangu wa afya. Ahadi ni deni. Kwa miaka mingi tumewaambia mawaziri na wafadhili: gaweni majiko, nimonia ya watoto itashuka. Tuliahidi kabla ushahidi haujatimia. Wachunguzi wa HAPIN walipowapanga akina mama wote kwa kiasi cha moshi walichovuta, waliona kuwa aliyevuta zaidi alizaa mtoto mwepesi zaidi, lakini tofauti ilikuwa ya gramu zisizofika ishirini. Madhara yapo, ila kipande hicho ni kidogo kuliko tulivyokitangaza. Tuwaambie watu hivyo hivyo.

MAMA LISHE: Mimi nimewasikiliza wote, na naona mnahesabu watoto peke yao. Mimi nimepika tangu nikiwa msichana. Macho yananiwasha, alfajiri nakohoa, nguo zinanuka moshi hata kanisani. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kuondokana na moshi. Hata kama mtoto wangu hataongezeka hata gramu moja, mimi pia ni mtu. Siyo lazima mtoto aokoke ndipo mama astahili hewa.

DAKTARI: Mama, umesema jambo ambalo tafiti zetu zilichelewa kulipima. Naliunga mkono lote.

Hoja ya pili: Gesi au umeme?

MWENYEKITI: Tukubaliane basi kuwa moshi una kesi ya kujibu. Mbadala ni upi? Mhandisi.

MHANDISI: Ahsante. Nasimama upande wa umeme, na nitaanza na maharage, kwa sababu maharage ndiyo yanayokula mkaa wa Mtanzania. Kuyachemsha juu ya jiko la mkaa huchukua saa mbili na zaidi. Sehemu kubwa ya joto hupotea: pembeni mwa sufuria, kwenye mvuke, na kwenye mkaa unaoendelea kuwaka chakula kikiwa kimeshaiva. Sasa chukua sufuria ya presha ya umeme. Mfuniko umefungwa, mvuke hautoki, presha inapanda, na maji badala ya kuchemka kwenye nyuzi 100 yanafika karibu nyuzi 120. Kuta zake zinatunza joto. Presha ikitosha, umeme unajikata wenyewe, joto likishuka unarudi kidogo, kisha unajikata tena. Maharage yanaiva kwa chini ya saa moja.

Watu wanaogopa kuwa itamaliza luku. Tuhesabu. Kwa kanuni za fizikia, kuchemsha lita mbili za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji kama uniti 0.17 za umeme. Kinachokula umeme kwenye majiko ya koili ni joto linalopotea, na sufuria hii imetengenezwa ili joto lisipotee. Chungu kimoja cha maharage ya familia hakifikishi uniti moja. Hata kingefikisha, kwa bei ya kawaida ya TANESCO ya karibu shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, bado ni nafuu kuliko mkaa wa kuivishia maharage hayo. Watafiti wa mpango wa MECS unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Loughborough nchini Uingereza, wakishirikiana na taasisi ya TaTEDO hapa kwetu, waliwaomba watu wa kawaida waandike kila siku walichopika na nishati waliyotumia. Faida kubwa ya umeme ilionekana kwenye vyakula vya kuchemka muda mrefu: maharage, makande, nyama ngumu.

MAMA LISHE: Mwanangu, umeongea vizuri, lakini njoo kibandani kwangu saa kumi na moja alfajiri. Sufuria yako ni ya lita sita. Mimi napikia watu wengi, na wakati maharage yanachemka nina chapati, nina wali, nina chai. Chapati zitaingia kwenye presha? Ugali nitausongaje kwenye kitu kinachozunguka? Na umeme ukikatika saa tano, wateja wa saa saba nawaambia nini?

MHANDISI: Shikamoo mama, na nakubali karibu yote. Chapati haziingii. Ugali unahitaji jiko lililotulia. Ndiyo maana sidai kwamba sufuria moja itamaliza kila kitu. Nasema tugawe kazi: vyakula vya saa mbili viende kwenye umeme, vya dakika kumi vibaki kwenye gesi. Ziko pia sufuria za presha za lita 40 kwa shule na migahawa. Na kwa kuwa serikali imekataza taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia kutumia kuni na mkaa, makataa yakiwa ni mwisho wa Januari 2024, wenye kuhitaji sufuria kubwa ni wengi.

Kuhusu kukatika kwa umeme, mambo mawili yamebadilika. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na yote ilikamilika mwaka 2025. Kwa sasa tatizo kubwa zaidi liko kwenye nyaya na transfoma za mitaani kuliko kwenye uzalishaji. La pili ni betri. Mwaka 2010 betri za lithiamu ziligharimu zaidi ya dola 1,000 kwa kila kilowati-saa ya hifadhi. Mwaka 2024 wastani wa dunia ulikuwa dola 115. Aina inayofaa jikoni hutumia chuma na fosfati, haihitaji kobalti inayochimbwa Kongo, haishiki moto kirahisi, na inachajiwa mara elfu kadhaa kabla ya kuchoka. Sufuria ya presha hula umeme kidogo kiasi kwamba betri ya ukubwa wa wastani, iliyojazwa usiku au kwa jua, inaweza kuivisha chungu cha mchana. Hizo ni kazi za maabara zilizofika jikoni, na ndiyo sababu jibu la leo si lile la mwaka 2010.

DAKTARI: Kwa upande wa afya, umeme una alama ya ziada. Gesi haitoi chembechembe nyingi, lakini moto wake hutengeneza naitrojeni dioksaidi, inayokera njia za hewa, hasa za wenye pumu. Mwaka 2024 jarida la The Lancet Respiratory Medicine lilichapisha mapitio ya tafiti za nchi nyingi. Ukilinganisha gesi na kuni au mkaa, gesi inaambatana na nimonia chache na mapafu yenye afya zaidi. Ukiilinganisha na umeme, gesi inaambatana na hatari kubwa zaidi kidogo. Kwa hiyo kutoka mkaa kwenda gesi ni hatua kubwa. Kutoka gesi kwenda umeme ni hatua ndogo, lakini nayo ni hatua.

MZEE: Nami niseme la gesi. Watu wanadhani gesi ya mtungi inatoka Songo Songo. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay ni nyingine, hiyo ndiyo inayokwenda kwenye mitambo ya umeme na viwanda. Ya mtungi inaletwa na meli, na inanunuliwa kwa dola. Vita ikitokea mbali huko, au dola ikipanda, mtungi unapanda. Mkaa wangu unatoka Morogoro na Pwani. Mnataka kututoa kwenye chetu mkatufunge kwenye cha watu?

MHANDISI: Mzee, hoja hiyo inanisaidia mimi kuliko inavyokusaidia wewe, kwa sababu umeme wa Rufiji nao ni wetu.

MZEE: Sawa, nimekubali. Lakini usiuzike mkaa mapema. Kule Kilosa vijiji vilipanga misitu yao, wakaikata kwa vitalu vidogo kwa mzunguko wa miaka 24, visiki vikaachwa vichipue, na ushuru ukajenga madarasa na zahanati. Mkaa wa hivyo msiuweke kapu moja na mkaa wa wizi. Na tanuri likijengwa kwa ustadi, mkaa unaongezeka. Wachomaji wengi leo wanatumia kilo kumi za mti kupata kilo moja au mbili tu za mkaa. Hapo ndipo msitu unapokwisha.

DAKTARI: Mzee, msitu unaweza kupona kwa njia hiyo, nami naiheshimu. Ila mapafu ya anayepika hayawezi kutofautisha mkaa wa kitalu na mkaa wa wizi.

Hoja ya tatu: Nani alipe?

MWENYEKITI: Tuingie kwenye fedha. Mama Lishe, anza wewe.

MAMA LISHE: Sisi watu wa kipato cha siku hatununui nishati ya mwezi. Tunanunua ya leo. Mkaa unauzwa kwa kopo, unaweka mezani ulichonacho, unapika, kesho Mungu yupo. Mtungi unataka fedha zote kwa mkupuo. Wanakuja na magari, wanatugawia mitungi ya kilo sita, picha zinapigwa, tunashukuru. Ukiisha, mtungi unakuwa kiti. Kama mnataka niache mkaa, niuzieni gesi kwa kopo.

MHANDISI: Hilo limeshafanyika, mama. Kule Mukuru kwa Reuben, Nairobi, kuna gesi yenye mita juu ya mtungi: unalipa kwa simu kiasi ulichonacho, mtungi unafunguka kwa kiasi hicho. Watafiti waliifuatilia wakati wa vizuizi vya korona mwaka 2020, vipato vilipoanguka. Asilimia 95 ya waliokuwa wakilipa kidogo kidogo waliendelea kutumia gesi. Kati ya waliokuwa wakinunua mtungi mzima, zaidi ya robo walirudi kwenye mafuta ya taa au kuni. Gesi ni ileile, mtaa ni uleule. Tofauti ilikuwa namna ya kulipa.

DAKTARI: Na India imetufundisha upande wa pili. Kuanzia Mei 2016 serikali yake iligawa mitungi na majiko kwa kaya masikini zaidi ya milioni 80, kazi kubwa sana ya kiserikali. Utafiti uliofanyika katika wilaya moja ya jimbo la Karnataka, ukachapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature Energy, ulikuta kuwa wanufaika hao wa vijijini walinunua wastani wa mitungi miwili na kitu kidogo kwa mwaka wa kwanza. Kwa familia hiyo ni sehemu tu ya mapishi, na kwingine kote kuni ziliendelea. Mtungi wa kwanza unahesabiwa kwenye ripoti za serikali, wakati mapafu yanategemea ule wa pili na wa tatu.

MZEE: Na zile fedha za kaboni tunazosikia? Kampuni zinagawa majiko sanifu, zinasema zimeokoa misitu, zinauza hewa Ulaya.

DAKTARI: Watafiti wa Berkeley walizipima mwaka 2024. Katika miradi waliyoichunguza, hesabu za hewa ya ukaa iliyookolewa zilikuwa zimezidishwa takribani mara tisa kwa wastani. Miradi ilidhani watu wanatumia jiko jipya kila siku na la zamani wamelitupa. Ukienda majumbani unakuta majiko yote mawili yanawaka. Hata hivyo, utafiti huohuo ulionyesha kuwa miradi yenye mita, inayopima matumizi halisi, ndiyo iliyokaribia ukweli zaidi. Kwa hiyo fedha za kaboni zinaweza kusaidia, mradi zilipwe kwa kilichopimwa.

MHANDISI: Mimi nina ombi moja la kodi na bei. Leo mteja mdogo wa TANESCO anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya tozo. Akizidisha, uniti za ziada ni shilingi 350, na asipojiangalia anahamishwa kundi la bei ya juu. Sasa fikiria mama mwenye taa, redio, televisheni na friji ndogo, yuko kwenye uniti 65. Akianza kupika maharage kwa umeme, anavuka 75. Tunamwadhibu kwa kutii mkakati wa taifa. Uganda imeweka bei ya kupikia: uniti ya 81 hadi ya 150 hutozwa kwa bei nafuu kuliko bei ya kawaida. Nasi tunaweza.

MAMA LISHE: Hapo, mwanangu, umeniingia. Mimi sitaki mtungi wa bure wala sufuria ya bure. Nataka bei ambayo haitanigeuka mwezi wa tatu.

MZEE: Na sisi? Vijana wanaochoma, wanaobeba kwa baiskeli, akina mama wanaouza kwa kopo barazani. Mkakati unasema mkaa upungue. Hauwezi kupungua bila watu hawa kupungukiwa. Msituache tukaambiwa tu kwamba sayansi imesema.

MHANDISI: Baba, muuza mkaa wa mtaani ndiye mtu anayejua nani anapika nini na analipa lini. Wakala wa gesi ya kulipia kidogo kidogo, mkopeshaji wa sufuria za presha na fundi wa kuzitengeneza wanahitaji ujuzi huohuo. Wapewe wao kwanza leseni na mafunzo.

MZEE: Waambie wakubwa waliandike hilo, nami nitalisoma.

Neno la mwisho

MWENYEKITI: Nimesikia ya kutosha kutoa uamuzi, na nitautoa bila kuficha upande wangu.

Kwanza, moshi haujaondolewa hatia. Majaribio yametufundisha kuwa kubadilisha jiko la nyumba moja katikati ya mtaa unaofuka hakutoshi, na jiko la kuni lililoboreshwa halitoshi hata likifika nyumba zote. Huo ni ushahidi wa kufanya zaidi, kwa mtaa mzima na kwa nishati iliyo safi kweli. Anayeusoma kama ruhusa ya kukaa kimya anausoma vibaya. Na Daktari yuko sahihi: tuache kuwaahidi wazazi matokeo ambayo hatujayathibitisha. Tuwaambie tunachokijua, yaani moshi unashuka, macho na kifua vinapumzika, muda unaokolewa, na mama naye ni mtu.

Pili, ubishi wa gesi au umeme unatuchelewesha. Maharage, makande na nyama ngumu viende kwenye sufuria ya presha ya umeme. Chapati, chai na mapishi ya haraka yabaki kwenye gesi, hadi nyaya za mitaani na bei za betri zituruhusu kwenda mbele.

Tatu, kugawa vifaa kusihesabiwe kuwa mafanikio. Wizara ya Nishati ipime mkakati huu kwa mitungi iliyojazwa tena na kwa uniti zilizopikiwa, iache kuupima kwa mitungi iliyopigwa picha. Mamlaka ya udhibiti, EWURA, ishirikiane na TANESCO kuweka bei ya umeme wa kupikia, ili kaya inayovuka uniti 75 kwa sababu ya chungu isiadhibiwe. Gesi ya kulipia kidogo kidogo isambazwe kwanza katika mitaa inayonunua mkaa kwa kopo, na wauza mkaa wa mitaa hiyo wawe mawakala wake wa kwanza. Halafu vyuo vyetu vya afya vifanye jaribio ambalo haya matatu hayakulifanya: mtaa mzima, nishati safi, miaka mingi, na afya ya mama ikipimwa sambamba na ya mtoto.

Kwako msomaji unayepika leo jioni: usilaze jiko la mkaa chumbani, hata usiku mmoja wa baridi. Ukipata uwezo wa kununua chombo kimoja tu, anza na kile kitakachotoa maharage kwenye mkaa. Na mwenyekiti wa mtaa wako akiitisha mkutano, simama uulize ni lini mtaa mzima utafikiwa.